Siku Tuliyoinyamazisha Kompyuta ya Senge

Kakamega, Alhamisi, 22 Agosti 1996
Asubuhi jua kali, alasiri mvua ya mawe, jioni hii kumetulia.

Shajara yangu, na wewe Mwanaisha utakayezisoma kurasa hizi zikifika kwenu Matungu: leo naahidi kusema yote bila kuruka kitu, hata lile kosa langu ambalo Dada Evalini amesema atalisimulia siku ya harusi yangu. Siku shule ilipofungwa tulikubaliana kwamba kila mmoja ataandika likizo yake kwa Kiswahili safi, bila kuficha, kisha tubadilishane kurasa kwa posta. Zako nimezisoma mara mbili. Hizi hapa zangu.

Nina furaha.

Nimeliandika peke yake neno hilo ili ulione vizuri. Jumapili iliyopita nisingeweza kuliandika.

Kwanza nikueleze nyumba, maana hujawahi kufika. Kila likizo mimi hukaa hapa kwa Senge Rebeka, dada ya baba. Nyumba ina chumba kimoja cha mbele na viwili vidogo vya kulala nyuma. Chumba cha mbele ndicho sebule, na ndicho ofisi. Mlango wake unatazama njia ya miguu ambayo watu wa mtaa hupitia kwenda sokoni, kwa hiyo mchana kutwa kuna anayepita. Upande mmoja wa mlango kuna meza, na juu ya meza kuna kompyuta ambayo Senge aliinunua kutoka ofisi moja iliyofungwa. Watu humletea barua za kuomba kazi, ratiba za harusi na za mazishi, na kumbukumbu za mikutano ya vikundi vya akina mama. Yeye huzipiga chapa, na hizo ndizo zinazotulisha. Asubuhi kabla wateja hawajaanza kuja, hunifundisha. Sasa napiga bila kutazama vidole, ila herufi ya q bado hunipotea.

Upande wa pili wa mlango, kwenye kiti cha mbao chenye mto, hukaa Kukhu.

Kukhu ni nyanya yangu, aliyemzaa Senge na baba yangu. Kwao ni Kabras, ndani kabisa kwenye miwa. Aliletwa hapa mjini baada ya kuanguka jikoni kwake, karibu sana na moto. Macho yake yameingia ukungu. Akimtazama mtu huona kivuli tu. Huko nyumbani alikuwa akiishi peke yake, kwa sababu Baba Mdogo Wycliffe hufanya kazi za zamu kiwandani na wakati mwingine harudi hadi asubuhi. Hapa kuna hospitali, na daktari wa macho amesema Kukhu arudi mwezi ujao aangaliwe kama anaweza kupasuliwa. Kwa hiyo sote tulikuwa tumetulia tukijua kwamba atakaa.

Shida ilikuwa kompyuta. Hasa feni yake.

Senge alipoiwasha ilinguruma kama trakta ya miwa inayopanda mlima. Printa nayo hulia, lakini ikimaliza karatasi yake hunyamaza. Feni haikujua kunyamaza, ilianza asubuhi ikaendelea mpaka Senge afunge kazi. Sisi tulizoea. Kusema kweli mimi niliipenda, niliona ndiyo sauti ya kazi. Tuliongea kwa kupaza sauti tukidhani kila nyumba watu huongea hivyo.

Hatukujua Kukhu alikuwa ananyang'anywa nini.

Mtu asiyeona huishi kwa masikio. Kule Kabras alikuwa akiketi nje ya nyumba yake na kumjua kila anayepita. Huyu anaburuta mguu, huyu hukohoa kabla ya kuongea, huyu ni mke wa fulani. Mtu akisema "Mulembe," yeye hujibu "Mulembe muno," kisha huuliza habari za watoto, ng'ombe na mahindi mpaka mtu huyo afike mbali asisikike tena. Wewe ni wa huku kwetu, sina haja ya kukueleza. Mtu akikusalimia ukakaa kimya, umemwambia kwamba kati yenu kuna ugomvi, au kwamba humhesabu kuwa mtu.

Sasa mfikirie hapa mlangoni. Watu walipita, wakaona mama mzee ameketi uso ukiwaelekea, wakamsalimia kwa heshima. Feni ikanguruma. Kukhu hakusikia, hakugeuka hata kichwa. Wakasalimia siku iliyofuata, na nyingine, kisha wakaacha.

Jumapili baada ya ibada nilikuwa nimemshika mkono nje ya kanisa tukimngoja Senge. Nyuma yetu walisimama akina mama wawili. Mmoja wao ni Mama Selina, ambaye hupita kwetu kila asubuhi na kikapu cha mboga za kuuza. Hawakujua kwamba masikio ya Kukhu ni makali.

"Si huyo ndiye mama ya Rebeka wa kompyuta?" Mama Selina alisema. "Huyo mzee ana maringo! Napitanga hapo kila siku namsalimia, ananikalia tu kama ukuta."

"Labda anataka usalimie mashine kwanza," mwenzake akasema, wakacheka.

Kukhu aliukaza mkono wangu. Tulipofika nyumbani aliketi, akafungua kitambaa cha kichwa, akakikunja vizuri juu ya magoti yake.

"Rebeka," akasema, "mwambie Wycliffe aje Jumamosi anirudishe nyumbani."

(Kukhu huongea Kikabras, Mwanaisha. Maneno yake nayageuza mimi, nawe unajua baadhi hayageuki vizuri.)

Senge aliacha sufuria jikoni akaja. "Mama, kwani tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Nalala vizuri, nakula vizuri. Lakini katika nyumba hii nimekuwa mtu asiyeitikia salamu. Maisha yangu yote sijawahi kuwa mtu huyo. Siwezi kuanza sasa."

"Na macho yako? Daktari amesema mwezi ujao."

"Macho yatanifuata huko huko."

Senge akamwambia basi akae chumba cha nyuma, ambako kelele hupungua. Kukhu akauliza yeye ni mgonjwa au ni gunia la mahindi, awekwe nyuma. Kukaa nje hawezi, kwa maana kila alasiri ni mvua na nyonga yake haipendi baridi. Kuihamisha kompyuta hatuwezi, soketi iko moja tu, pale mezani. Kuizima nayo, tungekula nini?

Mimi nilikwenda jikoni kumenya vitunguu. Ilikuwa nafasi nzuri ya kulia bila kuulizwa. Nilikuwa naiona nyumba ya Kabras, jiko lile la mafiga matatu, na yeye peke yake akiitafuta sufuria kwa mikono.

Jumatatu Senge alikuja na akili yake. Alichukua blanketi akaifunga kompyuta yote, akaliingiza kila upande akabakiza skrini, kama anavyofunika ndizi anazotaka ziive haraka. Na kelele zilipungua kweli! Kukhu aliinua kichwa, akasema anasikia jogoo wa jirani. Tulipigiana makofi.

Kabla ya chakula cha mchana chumba kilianza kunuka kama mpini wa sufuria ulioungua. Senge alikuwa katikati ya ratiba ya harusi ya watu. Skrini ikawa nyeusi.

"Yesu wangu!" Senge alilivuta blanketi, akagusa bati la nyuma, akaurudisha mkono upesi na kuupuliza. Tuliiacha ikapoa. Alasiri ilikubali kuwaka tena, lakini ngurumo yake ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, sasa ilikuwa na mkwaruzo ndani yake.

"Rudisheni blanketi langu kitandani," Kukhu akasema. "Mtaua mashine inayowalisha kwa ajili ya masikio ya mtu anayeondoka Jumamosi."

Alisema hivyo bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jana jioni Dada Evalini alifika kutoka chuo cha Sigalagala. Yeye ni binti ya Senge, anasomea mambo ya umeme pale, na akija huleta nguo za kufua na maneno mengi. Nilimsimulia yote kabla hajavua viatu. Aliposikia habari za blanketi alishika ukuta kwa kicheko.

"Mama! Umeiziba pua, halafu unashangaa imezimia?"

Akatueleza. Nyuma ya kompyuta kuna sanduku la bati ambalo wao huliita pawa saplai. Ndilo linalopokea umeme wa ukutani na kuugawia mashine nzima, na kwa kazi hiyo hupata joto sana. Feni iko ndani ya sanduku hilo, na kazi yake ni kulitoa joto nje. Ya kwetu imezeeka. Imejaa vumbi, na pale kati inapozungukia pamelika, ndiyo sababu inapiga kelele.

"Haitaki blanketi, inataka feni nyingine," alisema. "Na kuna feni ambazo hata hujui kama zinazunguka."

"Na ukiiharibu?" Senge akauliza.

"Nikiiharibu nitakaa hapa niwaandikie wateja wako kwa mkono."

"Kwa mwandiko wako huo? Nitafunga biashara kabla ya Ijumaa."

Nilimwona Senge akimtazama Kukhu, kisha akiitazama kompyuta, kisha Kukhu tena. Mwanaisha, hakuna mtu hapa mtaani aliyewahi kulifungua sanduku hilo. Kama lisingewaka tena, tungekuwa hatuna kazi, na Kukhu angeondoka vilevile. Mwishowe Senge aliitikia kwa kichwa akasema, "Fungua."

Kabla ya kuizima, Dada aliokota unyoya wa kuku uani, akaushika karibu na matundu ya nyuma ya kompyuta. Unyoya ukaruka kuelekea dirishani. "Umeona? Inapuliza nje. Kumbuka hivyo," aliniambia. Kisha akachomoa waya ukutani na kutukataza kugusa sanduku hadi asubuhi, kwa sababu umeme hubaki humo ndani hata baada ya kuchomoa, na unaweza kukurusha. Yeye mwenyewe alikwenda kufua.

Leo asubuhi tulilifungua kwa bisibisi. Ungeona vumbi! Lilikuwa limeganda kama pamba ya godoro. Tuliipangusa kila mahali kwa brashi ya rangi, Dada akaikata feni ya zamani, akaiweka kwenye mfuko wa plastiki, tukaenda nayo kwa Fundi Barasa anayetengeneza redio nyuma ya soko.

Fundi Barasa aliiunga na betri ya gari aliyonayo mezani. Ilipoanza kulia, watu wa kibanda cha pili waligeuka.

"Wasichana," akasema, "hii mmeleta si feni. Hii ni trakta imebeba miwa mpaka ikachoka na maisha."

Ana rafu yenye mashine za kila aina zilizokufa. Alitushushia feni kutoka humo, na Dada akazipima moja baada ya nyingine juu ya ile ya zamani, aone kama mashimo ya skrubu yanalingana, kisha akasoma maandishi yake madogo aone kama inatumia umeme uleule. Iliyokubali huko kote, Fundi aliiunga na betri. Ya kwanza ilipiga mluzi. Ya pili ilitetemeka ikatembea yenyewe juu ya meza. Ya tatu alipoiunga nikamwambia haifanyi kazi.

"Weka mkono mbele yake," akasema.

Nikauweka. Upepo! Niliinama mpaka sikio likaikaribia. Sauti yake ilikuwa kama mtu anayepuliza chai.

Dada alianza kupatana bei, lakini Fundi hakutaka pesa. Alitaka tangazo la kubandika ukutani, lililopigwa chapa kwa herufi kubwa. Alilitamka na mimi nikaliandika kwenye kiganja: REDIO IKIKAA HAPA MIEZI MITATU BILA MWENYEWE KUJA, NITAANZA KUISIKILIZA MIMI. Tukamwahidi ataletewa leo jioni, kama kompyuta ingewaka.

Nyumbani Dada aliunga nyaya, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, akazilehemu, akazifunga vizuri kwa tepu. Senge alikuwa amesimama mlangoni akiwaambia wateja wapite baadaye. Kukhu aligeuza sikio upande wetu. Alikuwa akivisikiliza vyuma vyetu.

Halafu Dada akasema maneno niliyokuwa nayangoja tangu jana: "Metrine, ifunge wewe."

Hapa ndipo pa kosa langu. Feni ina upande mmoja wenye karatasi ya jina. Niliufikiria vizuri kabisa, kama tulivyofundishwa kufikiri kabla ya kutenda. Nikasema moyoni, jina la mwenye kitabu huandikwa ndani ya jalada, si nje, ili anayekifungua alione. Basi nikauelekeza upande wa jina ndani ya sanduku. Nikakaza skrubu zote nne, na nilijisikia mhandisi.

Tukalifunga sanduku. Tukachomeka. Dada akanipa unyoya niushike nyuma ya matundu.

Unyoya ulinitoka mkononi ukaenda kunata kwenye matundu kama nzi kwenye asali.

Dada aliutazama. Akanitazama mimi. "Metrine, umeigeuza! Inavuta badala ya kupuliza. Ungeilisha vumbi la mtaa mzima pamoja na kuku."

Nilipomweleza ile sababu ya jina la kitabu, alikaa chini sakafuni. Senge naye alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu Jumapili. Hata Kukhu alitikisika mabega. Niliona haya, lakini si haya mbaya.

Tukachomoa, na Dada akatuambia tungoje tena, umeme uishe humo ndani. Tulipokuwa tunangoja ndipo mvua ya mawe ilipoanguka. Unajua mabati yanavyokuwa. Hatukuweza kusikilizana hata kidogo, tulikaa tukitazamana tu. Nikafikiri kwamba hivi ndivyo Kukhu amekuwa akikaa kila siku, na sisi tukipita mbele yake tukimwita kwa nguvu kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

Mawe yalipopungua tuliigeuza feni, jina likatazama nje, tukafunga. Mvua ilikatika mara moja, kama kawaida yake hapa. Dada akabonyeza swichi.

Kimya.

"Imekufa," Senge akasema. "Nilijua. Nilisema mimi." Akaukimbilia waya ukutani ili achomoe, Dada akamshika mkono.

"Mama, tazama skrini."

Herufi zilikuwa zinapanda moja moja kama siku zote. Nyuma yake unyoya niliokuwa nimeushika uliruka ukaenda kutua mapajani mwa Kukhu. Senge aliinama akaweka sikio juu ya kompyuta, kama anavyofanya kwenye kifua cha mtoto mwenye homa. Akainuka, akasema kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia kushindana na feni, "INAPUMUA!" Tukashtuka sote. Hakukuwa na sababu tena ya kupaza sauti, na hakuna aliyekuwa amezoea.

Kukhu aliinua kiganja. Tukanyamaza.

"Kuna mtu anakuja," akasema. "Amevaa buti za mpira, na buti moja limeingia maji."

Kweli, baada ya kitambo nikaanza kusikia mimi pia, chwa, chwa, kwenye matope. Alikuwa Mama Selina na kikapu chake kichwani, akinung'unika peke yake juu ya mawe yaliyopasua mboga. Alifika mlangoni kwetu akaendelea kutembea. Hakutazama ndani. Alikwisha kuacha kusalimia.

"Mulembe, Mama Selina!" Kukhu akaita.

Buti zilisimama.

"...Mulembe?" Ilikuwa kama anauliza.

"Mulembe muno. Watoto wako vipi? Na mboga, mawe yamekuachia chochote?"

"Kukhu! Kumbe unaongeanga!"

"Naongea. Nilikuwa sikusikii. Mashine hii ilinijaa masikioni, na macho nayo hayakuoni. Ulikuwa ukinisalimia, nami nikikukalia tu kama ukuta."

Mama Selina alifunika mdomo kwa mkono. "Woi! Kukhu! Ulinisikia kanisani?"

"Kanisani hakuna kompyuta," Kukhu akasema.

Mwanaisha, ungekuwepo! Mama Selina alicheka mpaka akakishusha kikapu kisimwanguke. Aliingia na matope yake yote, akapiga goti mbele ya Kukhu, akamshika mikono yote miwili, wakaanza upya salamu zote ambazo walikuwa wamezikosa. Walipitia watoto, wakapitia waume, wakapitia mahindi, wakagundua kwamba shangazi wa Mama Selina aliolewa kijiji cha pili kutoka kwa Kukhu. Aliondoka baada ya kutuachia fungu la mboga ya mrenda, akisema huo mawe hayakuuona.

Kisha wateja walirudi, na hapo tukajifunza jambo jingine kuhusu kimya.

Kijana mmoja alikuja kuandikiwa barua kwa wazazi wa msichana anayetaka kumwoa. Aliinama karibu na Senge akatamka polepole, na zamani feni ingemfichia siri yake. "Andika, madam: Tutafika kwenu tukiwa watu watano..."

"Usiwaambie mko wangapi," Kukhu akasema kutoka kwenye kiti chake.

Kijana akageuka.

"Ukiandika watano, watachinja ingokho moja, kuku wa watu watano tu. Na wewe najua utaleta wajomba. Andika tu kwamba mnakuja."

"Mama," Senge akasema, "barua ya mteja ni siri yake."

"Basi aifiche. Mimi niko hapa mlangoni."

Kijana alifikiri, akakuna kichwa. "Madam, ondoa hapo kwa watano. Kukhu yuko sawa." Alipokwisha kulipa alikwenda kumsalimia Kukhu kwa mikono miwili na kumwomba baraka, na Dada Evalini akaninong'oneza kwamba hivi karibuni watu watakuja kwa Kukhu na kusahau kompyuta.

Hata hivyo bado nilikuwa na hofu. Jumamosi ni kesho kutwa. Hakuna aliyekuwa amesema neno kuhusu safari, na mimi sikuthubutu kuuliza, maana ukiuliza unaweza kujibiwa.

Senge ndiye aliyeuliza. Ilikuwa kama saa kumi na moja, tumemaliza tangazo la Fundi Barasa na Dada amelipeleka. Senge hakugeuka kutoka kwenye skrini.

"Mama. Wycliffe nimwambieje?"

Nje mtu alipita akasema mulembe, Kukhu akaitika kwanza, akaulizia mguu wake, akamngoja afike mbali.

"Mwambie aje," akasema.

Nikaanza kuhesabu siku: kesho, kesho kutwa.

"Aje na kigoda changu. Hiki kiti chenu ni cha ofisi, kinaniumiza. Na kuku wangu mweupe amlete, kabla majirani hawajamzoea. Mimi nina daktari mwezi ujao."

Senge alianza kupiga chapa kwa kasi na kwa nguvu, vidole vikirukaruka. Nilichungulia nione ni barua ya nani. Mstari baada ya mstari alikuwa ameandika a s d f, a s d f tu, na alikuwa akijipangusa macho kwa kiwiko.

Sasa nimeketi kwenye kizingiti cha jikoni, viazi vitamu viko motoni, nami naandika upesi kabla giza halijaingia. Kompyuta inafanya kazi huko mbele na siisikii. Ninachosikia ni Kukhu, ambaye hajaacha kuongea na njia tangu mvua ilipokatika. Nimeamua kwamba nikimaliza kidato cha nne nitaomba nafasi Sigalagala, na mahojiano wakiniuliza feni huelekezwa wapi, hilo moja sitalikosa.

Bado jambo moja, na ni lako. Nimemwambia Kukhu kwamba utapitia hapa siku moja kabla ya shule kufunguliwa ili twende pamoja. Alifurahi, kisha akawa na wasiwasi kidogo. Akasema mtoto wa Kiislamu wa upande wa Mumias ataingia na asalaam aleykum, na yeye hataki kukosea tena mlangoni. Nikamfundisha waaleykum salaam. Ameirudia tangu wakati huo, mara nyingine kwa wapita njia wasiohusika. Lakini ameniuliza, "Halafu?" Nikasema halafu nini? Akasema salamu ya kweli haiwezi kuisha hapo, lazima kuna yanayofuata, na nimwambie mapema ayaweke tayari.

Basi niandikie kwa posta ya kurudi, tafadhali usicheleweshe, kwa sababu ananiuliza kila anaposikia hatua za miguu: huko kwenu, mtu akishajibu waaleykum salaam, ni nani huendelea, mgeni au mama wa nyumba, na husema nini?